Hujaharibika, dada

Dada yangu, unasema una miaka 44, talaka ni ya zamani, watoto wamekua, na sasa umempenda mtu hadi mwili umeamka kwa namna ambayo hukuijua hata ukiwa ndani ya ndoa. Unauliza kama umeharibika. Hujaharibika hata kidogo. Tulilelewa tukifundishwa kumridhisha mume. Raha yetu sisi hakuna aliyeitaja, na wengi walizaa wakazaa tena bila kuulizwa wanapenda nini.

Basi nenda taratibu. Mwambie kinachokupendeza, hata kama ulimi ni mzito. Akikucheka, umeshamjua. Kwanza pimeni wote wawili VVU na magonjwa mengine ya zinaa. Wala usidhani umri umekukinga: hedhi ikianza kuruka miezi, mimba bado huingia, kwa hiyo zungumza na muuguzi kuhusu uzazi wa mpango. Ukisikia ukavu, tumia kilainishi cha maji. Mafuta hudhoofisha kondomu za mpira.

Watoto? Mambo ya chumbani kwako hayawahusu. Watambulishe huyo bwana uhusiano ukishatulia, lakini usiwaombe ruhusa. Mama yako atanuna, hilo lipo.