Kompresa ya AC inagonga gari likisimama: nibadilishe?

Swali: Assalaam aleikum fundi. Nina Toyota IST, naishi Sahare, Tanga, na kila Alhamisi nakwenda Korogwe kwa biashara zangu. Mwezi uliopita AC ilianza kutoa upepo wa uvuguvugu, fundi mmoja hapa mjini akaniongezea gesi. Baridi ilirudi, ila tangu siku ile nikiwasha AC gari likiwa limesimama nasikia kitu kinagonga mbele, ko-ko-ko-ko, mpaka usukani unatetemeka. Nikishaingia barabara kubwa na kuipita Pongwe, sauti inapungua hadi naisahau. Nikizima AC kugonga kunakoma, lakini unabaki mngurumo mdogo kama wa kusaga, na huo upo muda wote. Fundi anasema kompresa imekufa, niagize ya mtumba. Ninunue?

Jibu: Waalaikum salaam, dada yangu. Usinunue kwanza. Una kelele mbili, na fundi wako amezifanya moja. Iko inayokuja na AC na kuondoka nayo, na iko isiyojali kama AC imewashwa au imezimwa. Hizo hazina mama mmoja.

Nianze na huo mngurumo, maana ndio mwepesi. Kompresa, ile pampu inayobana gesi ya AC, kwenye gari lako inazungushwa na mkanda wa injini. Mkanda unapita juu ya puli, na puli imekaa kwenye beringi yake. Mbele ya puli ipo sahani ya klachi. AC ikizimwa, puli inazunguka bure na shafti ya ndani imetulia tuli. Ukibonyeza kitufe, sumaku inaivuta sahani, inashikana na puli kwa ule mlio wa “tak” unaousikia, na hapo ndipo kompresa inaanza kazi. Sasa kama kelele ipo hata AC ikiwa imezimwa, haiwezi kuwa inatoka ndani ya kompresa, kwa sababu huko ndani hakuna kinachozunguka. Mtuhumiwa ni beringi: ya puli ya kompresa, ya altaneta, ya pampu ya maji, au ya kirola kingine chochote kilichopo kwenye njia ya mkanda.

(Wasomaji wenye magari mapya zaidi wanisikilize: zipo kompresa zisizo na klachi, shafti yake inazunguka muda wote injini ikiwaka. Kwenye hizo kipimo hiki hakina maana. Na wenye haibridi kama Prius, kompresa yenu inaendeshwa na umeme wa volti nyingi na haina mkanda kabisa. Msiiguse, na msikubali kuwekewa mafuta ya kompresa ya kawaida aina ya PAG, maana yanapitisha umeme. Hizo hutumia mafuta ya POE, na kwa Toyota ndiyo yale yaliyoandikwa ND-OIL 11.)

Kuijua beringi yenyewe si kazi ya nusu siku. Injini ikiwa imezimwa, mkanda unafunguliwa, kisha kila puli inazungushwa kwa mkono. Beringi nzima inazunguka kimya. Iliyokwisha unaisikia vidoleni, inakwaruza kama imemwagiwa mchanga wa Raskazone, na ukiishika puli ukaitikisa inacheza. Bado una shaka? Washa injini bila mkanda kwa sekunde 20 au 30, usizidishe, kwani mkanda huohuo ndio unaozungusha pampu ya maji. Mngurumo ukiwa umetoweka, umebanwa kwenye njia ya mkanda. Ukiendelea, AC haihusiki, tafuta kwingine. Beringi ya puli inauzwa peke yake na inabadilishwa peke yake. Gesi haifunguliwi.

Hapa nakiri dhambi yangu. Miaka ya mwanzo niliwahi kumbadilishia kompresa mtu wa Muheza, Toyota Raum, kwa mngurumo wa namna hii hii. Gari likawaka, mngurumo uleule. Ilikuwa beringi ya altaneta. Nilimrudishia pesa yake ya ufundi, lakini kompresa alikwishainunua. Tangu hapo siamini sikio langu likiwa mbali. Nachukua bisibisi ndefu, ncha naigusisha kwenye mwili wa kifaa, mpini naugandamiza sikioni, na kila kifaa kinajisemea chenyewe. Ukitaka kufanya hivyo nyumbani, gusa sehemu isiyozunguka tu, na usiiname juu ya mkanda ukiwa umevaa mtandio au khanga inayoning’inia. Wanaume na kanzu zao za Ijumaa vilevile.

Turudi kwenye kugonga, maana ndiko kwenye kazi. Wewe mwenyewe umeshanipa majibu mawili bila kujua. Kwanza, kulianza siku ileile uliyoongezewa gesi. Pili, kunapungua gari likikimbia. Kompresa iliyokufa kwa ndani haichagui barabara. Inagonga Ngamiani, inagonga Pongwe, na ukikanyaga mafuta mara nyingi inazidi. Kelele inayonyamaza gari likipata upepo wa mbele inanipeleka kwenye kondensa, kile kifaa cha aluminiamu kilicho mbele ya rejeta. Gesi inatoka kwenye kompresa ikiwa ya moto na imebanwa sana, inapita kwenye kondensa, inapoa na kugeuka maji, yaani kimiminika. Kondensa ikishindwa kuipoza, presha inapanda, kompresa inasukuma ukuta, na mgongo ukielemewa utasikia mlio. Ukiwa njiani upepo unakusaidia. Ukiwa umesimama foleni karibu na soko la Mgandini saa saba mchana, msaada wako ni feni peke yake.

Kipimo cha kwanza hakina gharama. Weka gari kivulini, injini sailensa (inawaka bila kukanyagwa mafuta), AC juu kabisa, ngoja kelele ianze. Mwambie mtu amimine maji safi polepole kupitia grili ya mbele, yatiririke juu ya kondensa, jagi mbili tatu zinatosha, na asilowanishe mota ya feni. Wewe kaa usikilize. Kugonga kukipungua ndani ya dakika moja na baridi ikaongezeka, tatizo lako ni presha, na kompresa inalia kwa kuonewa. Kusipobadilika hata kidogo, nitakuja kwenye hilo.

Ukiwa hapohapo tazama feni. AC ikiwashwa lazima feni izunguke, na izunguke kwa nguvu. Chukua karatasi ya daftari uiweke mbele ya kondensa: inatakiwa ivutwe na kunata. Ikipeperushwa nje, feni inazunguka kinyume. Msicheke, nimeyaona, hasa feni ya mtumba iliyofungwa na mtu aliyebadilisha nyaya. Halafu itazame kondensa yenyewe. Sisi watu wa pwani hewa yetu ina chumvi, na chumvi inakula yale mapezi membamba ya aluminiamu. Yaguse kwa kidole. Yakimung’unyuka kama mkate mkavu, hiyo kondensa imebaki mabomba tu, haipozi. Juu yake ongeza vumbi, wadudu na nyuzi zinazopeperuka ukipita kwenye mashamba ya mkonge. Kuosha ni kwa maji ya bomba ya kawaida, kutokea upande wa injini kuja mbele. Ile mashine ya kuoshea magari yenye presha kali itayalaza mapezi yote, na utakuwa umejiharibia.

Lakini moyo wangu unaniambia kwako ni gesi iliyozidi. Nitaeleza kwa nini, maana kosa hili linafanywa kila siku na mafundi ambao si wabaya, hawakufundishwa tu. Gesi ya R134a, inayotumika kwenye IST, ikiwa ndani ya mfumo sehemu yake ni maji na sehemu ni mvuke. Maadamu maji yapo, presha ya gari lililozimwa inafuata joto la hewa, haifuati wingi wa gesi. Siku ya nyuzi 30, geji ya presha itasoma karibu paundi 97 (psi), iwe una gramu 300 au gramu 700. Kwa hiyo anayetazama geji gari likiwa limezimwa akasema “imejaa” hajapima kitu. Anayeshika bomba la baridi na kuongeza hadi likolee ubaridi, naye anabahatisha. Wingi wa gesi unajulikana kwa mizani tu. Fungua boneti, tafuta kibandiko chenye maneno R134a, pale pameandikwa gramu. Magari madogo mengi yanachukua kati ya 400 na 600. Ukiongeza “kidogo tu” juu ya gesi ambayo hujui imebaki kiasi gani, gramu 150 za ziada si ajabu. Ziada hiyo inakaa kwenye kondensa ikiwa maji, inakula nafasi ya kupozea, presha inapaa. Ikizidi sana, gesi ambayo haijageuka mvuke yote inaweza kurudi hadi kwenye kompresa. Na kompresa imeumbwa kubana mvuke. Maji hayabaniki, ikiyapata, inagonga.

Gari likiwa linafanya kazi, ndipo geji zinasema kweli. Kwa joto letu la mchana la nyuzi 32 hivi, upande wa bluu (presha ya chini) ukiwa kati ya paundi 30 na 45 na mwekundu (presha ya juu) kati ya 200 na 250, hapo sina neno. Zote mbili zikiwa juu, mwekundu umevuka 300, basi ni gesi nyingi, au kondensa haipozi, au kuna hewa imeingia. Ya mwisho hii inatokea mpira wa geji ukifungwa bila kutolewa hewa, au mfumo ukijazwa bila kuvutwa vakyumu, yaani kunyonywa hewa yote kwanza. Dalili yake ni kwamba hata gari likiwa limelala usiku kucha, asubuhi presha inasoma juu kuliko joto linavyotaka. Presha ikiendelea kupanda hadi karibu 450, swichi kwenye Toyota nyingi inaikata kompresa, utasikia “tak” ya kuzima, na baada ya kitambo “tak” ya kuwaka. Klachi nayo inaanza kuteleza, inapiga kelele kama paka, sahani inabadilika rangi kuwa ya bluu.

Dawa si kumwambia fundi “apunguze kidogo”, maana hapo tutakuwa tumerudi kwenye kubahatisha. Gesi yote itolewe kwa mashine ya kuvutia, si kwa kufungua mpira ikavuma hewani. R134a inachemka nyuzi 26 chini ya sifuri. Ikikupata mkononi inababua, na ikienda angani inaongeza joto la dunia. Kisha mfumo uvutwe vakyumu nusu saa, uachwe uonekane kama sindano inasimama mahali pake, ndipo ijazwe kwa gramu za kwenye kibandiko. Hapo pia tafuta ilikovujia, kwa sababu gesi haiishi kama mafuta ya taa. Ikipungua, ilitoka. Kwenye ungio tafuta alama ya mafuta yenye vumbi. Na mtu asikuwekee kopo la dawa ya kuziba, inaganda kwenye vali, ule mlango mwembamba wa kupitishia gesi. Wala asikuwekee gesi ya friji ya R600a kwa kuwa ni rahisi: inawaka moto.

Tuseme maji hayakubadilisha kitu na geji ni nzuri, bado inagonga. Kabla ya kuihukumu kompresa, kagua bolti zake na bracketi yake. Bolti moja iliyolegea inatetemesha gari zima. Angalia kama bomba la gesi linagusa bodi. Kisha zima injini, shika sahani ya klachi uizungushe kwa mkono. Inatakiwa iende kwa uzito laini. Ikikwama, ikikatakata, au ikizunguka bila upinzani wowote, ndani kumeharibika. Uthibitisho wa mwisho ni mafuta: ukifungua bomba baada ya kutoa gesi, yawe maangavu. Yakiwa meusi na yanameta kama yamechanganywa na rangi ya fedha, huo ni unga wa chuma.

Hapo kununua kompresa peke yake ni kuizika pesa. Unga umeshaingia kwenye kondensa, kwenye draya (kichujio kinachonyonya unyevu) na kwenye vali. Kondensa hizi za vijitundu vyembamba haziosheki zikatakata, kwa hiyo kondensa, draya na vali vibadilike pamoja na kompresa. Ya mtumba ukiichukua, hakikisha matundu yake yalikuwa yamezibwa. Iliyokaa wazi dukani kwa miezi kwenye hewa yetu ya unyevu, mafuta yake yameshakunywa maji.

Fanya kipimo cha jagi wikendi hii kabla hujaenda Korogwe, na mpaka ujue, tumia AC ukiwa unatembea tu, ukisimama izime. Ukipata fundi mwenye geji na mizani, niandikie namba za pande zote mbili, gari likiwa limezimwa na likiwa linafanya kazi, pamoja na saa uliyopima.