Askari kanzu akiulizwa "wewe ni polisi?", lazima akiri?

Mkuu, umesema kaka yako alimuuliza mnunuzi kama ni polisi, jamaa akakana, na sasa mnaamini kesi ya unga imekufa. Haijafa. Imani hiyo nimekutana nayo miaka yote niliyofanya uwakili wa utetezi. Mteja wangu mmoja alinisimulia kwa furaha kabisa kwamba jamaa aliapa mara mbili kuwa si askari. Kudanganya jina na kazi ndiyo shughuli yenyewe; kama askari kanzu angelazimika kukiri, asingefika jioni.

Mimi nikifungua faili natafuta jambo jingine: nani aliyeanza? Askari akikuta biashara inaendelea akajiunga kama mteja, huo ni upelelezi. Akimbembeleza mtu ambaye hakuwa na mpango wa kuuza, kosa limetengenezwa na dola, na hapo ndipo utetezi unapopata pa kushika.

Kesi niipendayo ni ya Sherman, Marekani, 1958. Mtoa habari wa polisi alikutana naye kwa daktari, wote wawili wakitibiwa uraibu. Akaanza kulalama kwamba matibabu hayamsaidii, amtafutie dawa. Sherman akakwepa. Akaombwa tena na tena, mwisho akalegea, wakawa wanachangia gharama. Alikuwa na hatia mbili za zamani za dawa za kulevya, lakini Mahakama ya Juu ikasema hazitoshi kuonyesha kwamba alikuwa tayari kuuza hata bila kushawishiwa. Akashinda.

Ulaya kuna ya Teixeira de Castro dhidi ya Ureno, 1998. Askari wawili walijifanya wanatafuta heroini wakapelekwa kwake. Hakuwa na rekodi ya uhalifu, hakuwa na mzigo nyumbani, ilibidi akauchukue kwa mtu mwingine, na hakuna hakimu aliyesimamia operesheni hiyo. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikaamua kwamba hakutendewa haki tangu mwanzo. Uingereza (Looseley, 2001) na Kanada (Mack, 1988) mtego wa namna hiyo ukithibitika, mahakama husimamisha mashtaka. Lakini msijidanganye: askari kuuliza tu "unayo?" kwa mtu anayeshukiwa kwa sababu za msingi ni halali karibu kila mahali.

Nikirudi kwenye uzoefu wangu, kesi nyingi hazivunjiki kwenye falsafa hiyo. Zinavunjika kwenye karatasi. Operesheni ya siri inatakiwa iwe na kibali kilichotolewa kabla, kinachotaja mlengwa na muda, na askari aandike taarifa mapema baada ya kila mkutano. Niliwahi kumtetea dereva ambaye sauti zilizorekodiwa zilionyesha anapanga bei kama mzoefu. Tatizo ni kwamba rekodi zilianzia mkutano wa tatu. Miwili ya kwanza alikuwa na mtoa habari peke yao, na hakuna aliyeandika chochote. Nilimuuliza askari kizimbani: mteja wangu alikataa mara ngapi kabla hujawasha mashine? Akamtazama mwendesha mashtaka. Mtoa habari mwenyewe alikuwa analipwa kwa kila mtu anayekamatwa, jambo ambalo kwa maoni yangu lingepigwa marufuku kabisa.

Kuna pia mzigo unaoachwa upite makusudi ili umfikishe polisi kwa mwenye mzigo. Mkataba wa Vienna wa 1988, ule wa Umoja wa Mataifa dhidi ya biashara ya dawa za kulevya, ibara ya 11, unaruhusu hilo, na dawa zinaweza kuachwa zilivyo au kubadilishwa na kitu kingine. Lakini ruhusa ya mkataba haitoshi kama sheria ya nchi haimkingi askari. Australia ilijifunza kwenye kesi ya Ridgeway, 1995: heroini iliingizwa nchini kwa msaada wa polisi wenyewe, ushahidi ukatupwa, na bunge likatunga sheria mwaka uliofuata.

Kwa hiyo habari ya "alinidanganya" muiache. Kaka yako amwandikie wakili wake leo, kabla kumbukumbu haijachanganyika: nani alimpigia nani kwanza, alikataa mara ngapi, nani alitaja kiasi na bei, nani aliwakutanisha. Na kama simu bado anayo, asifute hata ujumbe mmoja, hata ule unaomuumbua.