Jibu: Watoto wanakohoa tangu wafike Goma

Dada, umeuliza kama kikohozi cha watoto wa mdogo wako, waliokimbia Masisi hadi Goma, mashariki mwa Kongo, ni baridi tu. Baridi ipo, ila mimi ningeanza na jiko. Tulikaa kambi ya Bulengo, karibu na Goma, miezi saba chini ya shitingi (turubai la plastiki), watu sita, jiko la makala ndani kwa ajili ya mvua. Asubuhi ukimpangusa mtoto pua, kitambaa kinatoka cheusi. Mdogo wako atoe jiko nje, hata chini ya kibati. Na asilale na makala yanayowaka, hewa yake inaua mtu usingizini.

Mtoto akipumua mbio na mbavu zikiingia ndani, huenda ni nimonia, mkimbizeni kituo cha afya. Kikohozi kikipita wiki mbili, apimwe kifua kikuu.

Kuhara ni habari nyingine. Pale Goma ni mawe ya volkano, choo kirefu hakichimbiki (sisi tulivunja sururu mbili), na maji ya ziwa bila klorini yanaleta kipindupindu. Mtoto akihara maji meupe kama ya kuoshea mchele, msingoje kuche. Changanyeni lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, anywe mkiwa njiani.