Kabla ya kumnunua Ravage wa kaseti

Miongoni mwa roboti wote wa Transformers, midoli na wahusika wa katuni wanaojigeuza vitu vingine, ninayempenda zaidi ni Ravage, chui mweusi wa upande wa Decepticons, yaani roboti waovu, ambaye kazi yake ni kunyata, kuhujumu na kutoweka kabla adui hajageuza shingo. Hajigeuzi gari wala ndege, bali kaseti ndogo inayoingia kifuani mwa mkuu wake, Soundwave, ambaye naye hujigeuza redio ya kaseti. Kwa jasusi sioni maficho bora kuliko kitu ambacho mtu hukiacha mezani bila kukitupia jicho mara ya pili.

Anayetaka kumnunua yule wa zamani afahamu kwanza asili yake. Kampuni ya Takara ya Japani ilimuuza mwaka 1983 katika mfululizo wa Micro Change, kisha Hasbro ikampeleka katika soko la Marekani mwaka 1984 akiwa kwenye kifurushi kimoja na Rumble, roboti mwingine wa kaseti. Kwa hiyo, ukikuta anauzwa peke yake, ujue kwamba ametenganishwa na mwenzake, na bei isikaribie ile ya kifurushi kizima. Unapotafuta kwa wauzaji wa Japani, andika Jaguar, kwa kuwa huko ndilo jina lake.

Thamani yake kubwa imo katika silaha mbili zinazochomekwa ubavuni. Ni ndogo, hupotea kirahisi, na ule mng'ao wake wa metali hubanduka pale zinaposuguana na mwili kila zinapochomekwa na kuchomolewa. Maelezo ya mhusika huyu yalitaja mwanga mkali kuwa udhaifu wake, nami huwaomba wauzaji mwanga huohuo: picha zilizopigwa mchana, karibu na dirisha, zikionyesha silaha pande zote mbili, kingo za stika, na chui mwenyewe akiwa amesimama bila kushikiliwa. Hilo la kusimama lina uzito wake, kwani mdoli huu, ukiutazama kutoka mbele, ni mwembamba mno, na viungo vikilegea miguu huachana na chui akalala kifudifudi. Muuzaji anayesisitiza kutuma picha za gizani, au za kaseti iliyokunjwa tu, huwa namwacha na mali yake.

Bidhaa bandia za kaseti hizi zimezagaa. Nyingi nilizozishika zilikuwa na plastiki laini kupita kiasi na stika zenye maandishi yaliyofifia, ingawa baadhi zimetengenezwa kwa ustadi unaoweza kumbabaisha hata mzoefu; ndiyo maana ni vyema kuulinganisha mdoli na picha za ule halisi kabla ya kutoa fedha.

Asiyejali ukale ana njia nafuu: mwaka 2019 Hasbro ilimtoa upya katika mfululizo wa Siege, akiwa pamoja na Laserbeak, ndege wa Soundwave. Takara Tomy, kampuni iliyotokana na Takara, nayo ilimtengeneza katika mfululizo wake wa Masterpiece, tena pamoja na Rumble, na huyo ndiye anayefanana zaidi na chui wa katuni. Ravage wa filamu ya Transformers ya mwaka 2009 simshauri mpenzi wa kaseti, maana hajigeuzi kaseti hata kidogo.

Ukishampata, amua umbo moja la kumweka kabatini. Wangu hukaa kama chui, mbali na jua, na silaha zake zimo katika kimfuko kidogo cha plastiki kando yake.