Kabla umwache huyo mbwa sokoni, nisikilize kwanza

Dadangu, umesema kazi iliisha miezi miwili imepita, unahama Umoja uende singo rumu Githurai, mwenye nyumba mpya hataki kuskia mambo ya mbwa, na shemeji yako amekushauri umbebe usiku umwache karibu na soko ati atajipanga huko. Nimeisoma hiyo mara tatu. Nakujibu kwa urefu juu mimi nilishafika hapo penye umefika, na hata mbele kidogo.

2020 nilikua napika kwa hoteli moja tao. Mbwa wangu anaitwa Malkia, na chakula chake kilikua mabaki ya hiyo hoteli, nabeba kwa ndoo kila jioni, so kumbe mshahara wangu na chakula chake vilikua vinapitia mlango mmoja na sikuwahi kufikiria hivyo mpaka corona ikaingia Machi hoteli ikafungwa tukakosa sote siku moja. Nilikua naishi Kariobangi South, ploti ya milango kumi na mbili, kodi imelala, na Malkia naye ana mimba. Mimba ya mbwa ni siku 63 hivi tu, haingojei ujipange. Akazaa saba. Mwenye nyumba akasema uvundo na kelele zimemchosha, nichague, mbwa atoke ama tutoke sote. Jioni moja kabla ya kafyu nikamfunga kamba nikatembea naye mbali, nikaifungua, nikarudi kwa njia ingine. Nilimpata kwa ploti. Alikua ashafika, amelala na watoto wake wananyonya, na ananiangalia tu.

Hiyo usiku ndio nilimwambia jirani wa mlango wa nne ukweli. Aliniuliza swali moja, mbona hukusema? Na kusema ukweli sikua na jibu ingine ila aibu, juu unajiambia watu hawana unga ya watoto wao, nitaanzaje kuomba ya mbwa. Lakini huyo mama alikua anamtegemea Malkia kushinda mimi! Mume wake analinda usiku Industrial Area, yeye hulala na watoto peke yake, na mlango wake ndio wa kwanza ukiingia geti. Tukaongea na wengine, tukapata watu tisa, kila mtu shilingi hamsini kwa wiki kwa M-Pesa ya mtu mmoja. Hakuna jina, hakuna mwenyekiti. Ukikosa wiki moja hakuna mtu anakuuliza.

Hiyo pesa ilikua inanunua chenga za mchele Nyamakima, na kijana mmoja wa ploti anayefanya kazi Kiamaiko penye huchinjwa mbuzi alikua anatuletea matumbo na mapafu yenye hayauziki. Hapa nataka uniskize vizuri juu hii tulikosea. Tulikua tunawapa mapafu mabichi. Daktari wa mifugo alikuja kutuambia baadaye kwamba zile vifuko vya maji unaona kwa mapafu na maini ni minyoo, mbwa akizila mbichi zinakua ndani yake, mayai yanatoka na kinyesi, mtoto anachezea mchanga, na miaka kadhaa mbele huyo mtoto ana uvimbe kwa ini wa kufanyiwa operesheni. Kwa hivyo chemsha kabisa, na ukiona hivyo vifuko, tupa penye mbwa hafiki. Na dawa ya minyoo usiruke. Kitu kingine ni unga yenye imeshika ukungu, watu husema hii hatuwezi kula wacha mbwa ale. Hapana. Ile sumu ya ukungu inayoua watu, na 2004 iliua zaidi ya mia moja huko Ukambani, mbwa nayo inamharibu ini vibaya sana.

Chakula kilitupa miezi kadhaa ya amani hivi. Halafu nikaona kitu. Tulikua tunalisha, lakini watoto wa Malkia niliogawa kwa mitaa, wale wa kike, nao wakapata mimba, na kila mtu anakuja kwetu na watoto wapya kwa katoni. Hapo ndio nilielewa ni nini hufanya watu wa mitaa yetu wapoteze mbwa. Mara nyingi sio njaa. Ni watoto wa mbwa na ni mwenye nyumba, na hizo mbili ni shida moja. Kufunga kizazi kwa kliniki ya kawaida ilikua karibu kodi yangu ya mwezi, singeweza, so tukangoja siku za bei ya chini. KSPCA, lile shirika la kutunza wanyama, wako Karen kwa Lang'ata Road, ni watu wako kwa hii kazi tangu 1910, na huwa wanatoka kwenda mitaani kuchanja na kuhasi. Chanjo ya kichaa cha mbwa nayo, karibu na tarehe 28 Septemba ambayo ni siku ya dunia ya hiyo ugonjwa, huwa kuna za bure, na moja najua ni Kabete kwa kitivo cha mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi. Sisi tulikodi mkokoteni tukabeba mbwa watano hadi penye chanjo ilikua, watu wanatuangalia barabarani, sikujali.

Chanjo ndio ilibadilisha mwenye nyumba. Nilimpelekea ile kadi mkononi, jina la mbwa, tarehe, sahihi ya daktari. Nikamwambia mzee wangu, huyu hatazaa tena, amechanjwa, na hii hapa ni orodha ya nani anaosha kona yake siku gani. Alinyamaza sana halafu akasema sawa, lakini nikikuta kinyesi kwa korido maneno yamekwisha. Hiyo ni haki yake kabisa. Na uoga wake pia ulikua wa haki juu kuna mtoto alishawahi kuumwa kwa hiyo mtaa, na kichaa cha mbwa kikianza kuonyesha dalili kwa mtu hakuna kurudi, ni kifo karibu kila mara. Karibu visa vyote vya watu, 99 kwa mia, hutokana na mbwa. Kenya imejipa hadi 2030 kuimaliza na inataka mbwa 70 kwa kila 100 wachanjwe. Sasa huyo wako ukimwacha sokoni, ni nani atamchanja mwaka ujao?

Kuna mzee jirani alilazwa wiki tatu, mbwa wake tukamgawana, huku analala, huku anakula. Mzee alitoka akamkuta. Hiyo ndio msaada mzuri nimeona kushinda yote na haikugharimu kitu. Mafuriko ya 2024 nayo tulishindwa, binamu yangu alihamishwa pale Mathare akalala kwa shule na huko hawangekubali mbwa, tukafika kesho yake, mbwa hayuko. Tungekua na mtu wa kumchukua hiyo usiku tu, mmoja. Bado inaniuma.

Na watu wa kusaidia, tafadhali msipige mtu picha na mfuko wa chakula. Mama mmoja alipigwa hivyo na wageni fulani waliokuja na gunia, akaona uso wake kwa simu ya jirani, na hakurudi tena. Daktari yetu alituambia kuna mama London, Maria Dickin, 1917 alifungua kliniki kwa chumba cha chini ya nyumba huko Whitechapel, mtaa wa watu maskini, akaandika leteni wanyama wenu wagonjwa, tiba ni bure. Yaani zaidi ya miaka mia watu wanajua kwamba mtu akikosa pesa haimaanishi hampendi mnyama wake, na bado kuna wenye husema huku kwamba kama huna pesa usifuge. Mimi nilikua na pesa wakati nilimchukua Malkia. Kazi ndio iliisha.

Sasa wewe, wiki hii usihame bado kama unaweza. Ongea na huyo mwenye nyumba wa Githurai uso kwa uso, mwulize ni nini hasa anaogopa, usimwambie tu ninapenda mbwa wangu. Mpelekee kadi kama amechanjwa, kama hajachanjwa tuanzie hapo. Akikataa kabisa, mimi siku hizi niko na uwanja mdogo nyuma ya nyumba, naweza kukaa na yeye miezi mbili unapotafuta kazi na anabaki kuwa wako, unakuja kumwona Jumapili. Niko na nusu gunia ya chenga. Niandikie kando uniambie ni dume ama jike, ana umri gani, na kama anaelewana na mbwa mzee, juu Malkia bado yuko.