Gobore la urithi bado ni silaha

Mkuu, umeuliza kama unaweza kutundika gobore la babu sebuleni bila kibali, na kuhusu kuuza mzinga wa kale wa kivita. Hapana, gobore huwezi kulitundika bila kibali, hata kama ni la enzi za Mjerumani. Jamaa mmoja kakujibu kwamba silaha ya hadi mwaka 1898 ni ya kale tu na haihitaji kibali, lakini mwaka huo ni wa sheria ya Marekani, huku kwetu haukusaidii kitu. Hapa Tanzania tunafuata Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na watu hukamatwa kila leo kwa magobore.

Nalijua hili kwa sababu la kwetu Kondoa tulilipeleka polisi wenyewe. Mtutu kutu tupu, kitako kimefungwa kwa mpira wa baiskeli, mimi naliona chuma chakavu. Askari akalipokea kama silaha nyingine, akaandika maelezo. Ukitaka kulisalimisha lako, pitia kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji, usilibebe wazi barabarani.

Huo mzinga nao una jambo lake: kitu kilichotengenezwa kabla ya 1863 kinaweza kuangukia Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, kwa hiyo ukipata mnunuzi wa nje usikisafirishe bila kibali cha Mambo ya Kale.