Usimruke Margaret

Dada, umeuliza kama umalizie riwaya ya Diane Setterfield, The Thirteenth Tale, au umrudishie aliyekuazima, maana umefika katikati na yule bibi bado anazunguka tu. Malizia. Sisi tunaosoma pamoja hapa Kibokoni, Mombasa, tuliimaliza, na mabishano yake hayajesha.

Walioichoka wote lawama yao ni Margaret, aliyeitwa kuandika maisha ya huyo bibi. Wanamtaka bibi mwenyewe, Vida Winter, mwandishi mashuhuri anayekaribia kufa, awape habari za jumba la Angelfield: pacha Adeline na Emmeline, mwalimu wa nyumbani anayeandika kila kitu daftarini, hadi moto. Hadithi ikikolea, tunarudishwa kwa huyu binti wa muuza vitabu, yuko kwenye baridi ya Yorkshire akimlilia pacha wake aliyekufa. Kilio kimezidi, hilo nakubali. Lakini ukimruka umeukosa mchezo wenyewe. Vida amewadanganya waandishi wa habari miaka nenda miaka rudi, kila mmoja kampa maisha mapya. Ndiyo maana Margaret, kabla ya kukubali kazi, anadai mambo matatu yanayoweza kuthibitishwa kwenye kumbukumbu za umma. Yeye ndiye anayetupimia ukweli. Bila yeye tumebaki na neno la mtu aliyezoea kusema uongo.

Waliokulia na Alfu Lela Ulela hawakusumbuka. Wanajua kuwa msimulizi naye ana lake: Shahrazadi anaponya shingo yake, Vida anataka kuutua mzigo kabla mauti hayajamfika. Wewe kila ukifungua sura jiulize, mbona anayasema haya leo?

Nikudokezee bila kukuharibia. Angalia Vida anavyojitaja, na uhesabu waliomo chumbani kila anaposimulia. Nilipomaliza nilirudi nyuma kukagua, nikaona mwandishi hakutudhulumu, kila kitu alishakiweka mezani.

Udhaifu wake ni pacha wenyewe. Mwenzetu mmoja ni mama wa mapacha, na ile habari ya roho moja kugawika miili miwili ilimkera kweli. "Wangu wanagombania chaja tangu alfajiri, hiyo roho moja iko wapi?" Tulicheka, ila ana haki. Waliotarajia majini nao walinung'unika. Mimi jumba lilinitosha: dari inaoza, wenyewe wanaoza nalo, na majirani wanajua mengi kuliko wanavyosema. Mtu wa Mji wa Kale, aliyepita chini ya nyumba iliyofungwa kwa ugomvi wa warithi, hahitaji kuelezwa.

Usihangaike kutafuta ni mwaka gani. Kitabu kilitoka 2006, lakini ndani hakuna tarehe ya kushika, na naona ni kusudi. Pale utakapochoka, subiri daktari: Margaret anaugua, naye anamwandikia dawa ya kusoma Sherlock Holmes, kurasa kumi mara mbili kwa siku! Na Aurelius, yule jitu la watu anayeoka keki, asiyejua mamake ni nani. Kwangu huyo ndiye moyo wa kitabu, ingawa wenzangu hawakumjali sana.

Filamu ya BBC ya 2013 ipo, Vanessa Redgrave ndiye Vida, Olivia Colman ndiye Margaret. Wameigiza vizuri, ila iache kwanza. Siri utakayoitafuta wiki nzima itamwagwa mbele yako kwa saa moja na nusu.